Kipande cha ganuni kutoka rekodi ya zamani: ukikate, ukiombe, au ukipigishe upya?

Jioni moja baada ya magharibi, kijana wa Jang'ombe aliingia studio kwangu na fleshi shingoni kama hirizi. Ndani yake mna biti aliyoipika mwenyewe: ngoma nzito, besi ya kutikisa daladala ya Bububu, na juu yake ganuni, ile ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi, inashuka ngazi, inavuta pumzi, inashuka tena. Sekunde nne tu, zinazunguka mwanzo hadi mwisho. Niliisikiliza mara tatu. Biti kali, sikuwa na la kuikosoa.

"Ganuni hii umeitoa wapi?"

"YouTube, maalim. Taarabu ya zamani. Halafu ni sekunde nne tu, na chini ya sekunde saba hazina neno."

Hapo nikazima spika. Hii habari ya sekunde saba nimeisikia miaka nenda miaka rudi, na kila mtu ana hesabu yake. Mmoja atakwambia tatu, mwengine kumi, na wa tatu aliwahi kuniapia kwamba sheria inaruhusu mapigo manane. Si hapa Unguja, si Bara, si Marekani: hakuna sheria inayotoa sekunde za bure.

Ile sauti, hata hivyo, inapatikana kwa njia zaidi ya moja, nazo hazilingani kwa gharama, kwa muda, wala kwa usingizi wa usiku. Kabla hujachagua, jibu swali nililomuuliza yeye. Katika zile sekunde nne, unachokitaka khasa ni nini? Lahani yake, yaani melodi? Mlio wa ganuni, hata ikipiga kitu chengine? Au unaitaka rekodi yenyewe, na mkwaruzo wake, na mkono wa mzee ambaye labda hayupo tena duniani? Watu wengi hutaka la pili wakaingia gharama na hatari za la tatu.

Haki mbili kitanda kimoja

Rekodi ya muziki ina haki za aina mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na lahani. Ya pili ni ya rekodi, yaani ule mlio uliokamatwa siku ile, na wapigaji wale, katika chumba kile. Mwenye moja mara nyingi siye mwenye nyengine. Ukikata kipande kutoka rekodi umezigusa zote mbili kwa mkasi mmoja, isipokuwa kipande chenyewe kiwe kidogo mno hata hakuna lahani ndani yake, kama pigo moja la ngoma ya dumbak.

Kwa taarabu yetu mambo yana mafundo zaidi. Katika vilabu vyetu ni kawaida shairi kuwa la mtu mmoja, lahani ya mwengine, na sauti ya mwimbaji wa tatu, huku nyuma wamekaa watu wa fidla, udi, nai na rika. Kisha njoo kwenye rekodi. Ilipigwa na klabu? Ilipigwa radioni, enzi za Sauti ya Tanzania Zanzibar, na utepe ukabaki huko? Au alikuja mgeni na vinasa sauti vyake, akarekodi, akaondoka? Taarabu nyingi zinazosikika leo ulimwenguni zimetolewa na kampuni za Ulaya. Mfululizo wa Zanzibara, kwa mfano, hutolewa na Buda Musique ya Ufaransa. Kwa hiyo sauti iliyozaliwa Mji Mkongwe huenda karatasi zake ziko Paris.

Sheria nazo ni mbili. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya mwaka 2003, na chombo chake cha kuisimamia ni COSOZA. Bara wana Sheria Namba 7 ya mwaka 1999, na COSOTA yao. Wimbo wako ukipanda boti ya saa moja asubuhi, ukishuka Dar es Salaam umeingia chini ya sheria nyengine. Ukiuweka mtandaoni umeingia chini ya sheria za kila nchi unakosikilizwa, na ndiyo maana inafaa kujua mahakama za wenzetu zimesema nini.

Kukata bila kuuliza

Njia hii ndiyo rahisi kuliko zote. Bei yake sifuri, muda wake dakika kumi, na kwa masikio ya mtaani matokeo yake ni mazuri mno. Sitajifanya kwamba haijazaa muziki mtamu. Hip hop nzima ya Marekani ilikulia humo. Lakini ilikulia humo kabla mahakimu hawajaamka.

Mwaka 1991 jaji mmoja wa New York alifungua hukumu dhidi ya rapa Biz Markie, aliyekata kipande bila ruhusa, kwa amri ya Taurati: usiibe. Tangu hapo kampuni kubwa za muziki zikaanza kukagua kila kipande. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Marekani, ile yenye makao Cincinnati, iliamua kesi ya gitaa la sekunde mbili lililoshushwa sauti na kuzungushwa ndani ya wimbo wa kundi la rap la N.W.A. Mahakama haikutaka hata kupima kama kipande ni kidogo. Maneno yake, kwa Kiswahili chetu: pata leseni, au usikate. Mwaka 2016 mahakama nyengine ya rufaa ya nchi hiyo hiyo, upande wa magharibi, ikasema kinyume. Kulikuwa na mlio wa tarumbeta wa sekunde 0.23 ndani ya wimbo wa Madonna, na mahakama ikaona ni kidogo mno, msikilizaji wa kawaida hawezi kujua umetoka wapi. Nchi moja, sheria moja, mahakama mbili hazijapatana mpaka leo.

Ulaya nako kuna kesi ya sekunde mbili za kundi la Kijerumani la Kraftwerk, za mwaka 1977, zilizotumiwa na mtayarishaji Moses Pelham mwaka 1997. Kesi hiyo imezunguka mahakamani zaidi ya miaka 20, watoto wamezaliwa na kuoa. Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kipande, hata kiwe kifupi vipi, kinahitaji ruhusa ya mwenye rekodi, ila kikibadilishwa mpaka sikio lisiweze kukitambua. Sasa jiulize: ukiibadilisha ganuni mpaka isijulikane kuwa ni ganuni, ulikuwa unaitafutia nini?

Kwa kijana wa Jang'ombe, hata hivyo, mahakama si jambo la kwanza. Hakuna atakayempeleka mahakamani kwa wimbo uliosikilizwa na watu mia mbili. Linalomfika kwanza ni mashine. YouTube wana mtambo unaoitwa Content ID, unaolinganisha kila kinachopandishwa na rekodi ambazo wenyewe wamezisajili. Ukikutambua, mwenye rekodi anaweza kuufungia wimbo, au kuuacha upigwe na pesa za matangazo ziende kwake. Hilo ni dai tu. Likija onyo kamili la hakimiliki, na yakafika matatu ndani ya siku 90, chaneli nzima inaweza kufungwa pamoja na kila ulichowahi kuweka, hata ile video ya harusi ya dada yako. Na wasambazaji wanaopeleka nyimbo kwenye maduka ya mtandaoni hukutaka uthibitishe kwamba kila kilichomo ni chako au una ruhusa nacho. Ukibonyeza "ndiyo" umeshaweka saini kwenye uongo.

Kitu cha pili ni mafanikio, na hili watu hawalitazamii. Siku hoteli ya Nungwi au kampuni ya simu itakapoutaka wimbo wako kwa tangazo, watakuja na mkataba, na ndani yake utaandikiwa kwamba likizuka dai la mtu ni juu yako wewe. Yaani biti haramu haina tatizo mpaka siku inapotaka kukulipa. Nimemwona mtu akikaa na mkataba wa maana mkononi, kalamu iko mezani, na hawezi kutia saini kwa sababu ya filimbi ya sekunde tatu.

Wazee wana neno lao zito: cha mtu mavi. Mimi ningelitumia kwa biti yoyote unayotarajia kuiuza. Kwa mazoezi ya nyumbani, kwa kumwonyesha mwenzio unachokifikiria, kata unavyotaka kwenye kompyuta yako. Usiipandishe tu.

Kuomba ruhusa

Ikiwa jibu lako lilikuwa la tatu, yaani unaitaka rekodi ile ile na si nyengine, huna njia ya mkato. Unaomba, na unaomba mara mbili: kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi.

James Newton, mpiga filimbi wa Marekani, alikuwa na rekodi ambayo kundi la rap la Beastie Boys waliitumia kwa sekunde sita. Waliomba na kulipa kwa kampuni ya rekodi, hawakuomba kwa mtunzi. Waliponea mahakamani kwa sababu sehemu ya utunzi iliyotumika ilikuwa noti tatu tu, mahakama ikaiona ndogo. Bendi ya The Verve ya Uingereza hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1997 walikuwa na ruhusa ya kutumia rekodi ya okestra fulani, lakini utunzi uliomo ulikuwa wa Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones, na ugomvi ulipokwisha, mapato ya utunzi wa wimbo mzima yalikwenda upande wa pili mpaka mwaka 2019, wawili hao walipoyarudisha kwa hiari yao. Miaka 22 unausikia wimbo wako kila redio na mrabaha unaingia mfuko wa mwengine.

Hapa kwetu kuomba kunaweza kuwa rahisi kuliko unavyodhani, au kugumu kuliko unavyodhani, hakuna katikati. Rahisi kwa sababu wenyewe wako karibu. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Hivi ni vilabu vyenye viongozi na wazee wanaokumbuka nani alitunga nini. Unakwenda jioni ya mazoezi, unatoa salamu, unakaa, unasikiliza kwanza. Usianze na simu mkononi. Ukishajulikana umetoka nyumba gani, mazungumzo yanafunguka.

Ugumu unaanza pale mtunzi amekwisha kufariki. Haki yake haikuzikwa naye. Ni mirathi, kama kiwanja au mikarafuu. Akiacha warithi tisa, mtoto mkubwa aliyekupa mkono na kusema "tumia tu mwanangu, babu angefurahi" amekupa baraka yake, si ruhusa ya wenzake wanane. Pata saini zao, au pata karatasi inayoonyesha kwamba yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Hapa ndipo wengi huchoka, na siwalaumu.

Barua yenyewe iwe na mambo machache yaliyo wazi: jina la wimbo, kutoka dakika gani mpaka gani, utazungushwa mara ngapi, maneno ya wimbo wako yanasema nini, utauzwa wapi, na unatoa nini. Unachotoa kinaweza kuwa pesa ya mara moja, au mgao wa mapato, au vyote viwili. Kama huna pesa, toa mgao. Asilimia ya wimbo ambao haujapata kitu haikuumizi leo. Nenda COSOZA uulize kazi ile imesajiliwa kwa jina la nani, na wakuelekeze. Kampuni ya Ulaya iandikie baruapepe fupi, kisha uwe na subira. Wengine hawajibu. Na kunyamaza kwa mtu si ruhusa, hata ukimwandikia mara kumi.

Usiyafiche maneno ya wimbo wako. Mtunzi ana haki ya heshima ya kazi yake, mbali na haki ya pesa. Ukiichukua sauti ya bibi aliyeimba mafumbo ya mapenzi kwa staha yake ukaipandisha juu ya matusi, familia inaweza kukataa hata ukileta gunia la fedha, na mimi nitakuwa upande wao.

Kupigisha upya

Ikiwa unachotaka ni lahani, au ni mlio tu, sioni kwa nini uhangaike na rekodi ya mtu. Mwite mpigaji.

Mfanya biti wa New York hukata santuri kwa sababu okestra ile ilishavunjika na hana pa kuipata. Sisi tuna bahati ambayo hatuijui. Wapiga ganuni, udi na fidla tunasalimiana nao Darajani. Kuna skuli ya muziki, DCMA, inayofundisha ala hizi tangu mwaka 2002, na imetoa vijana wanaosoma noti na kuelewa ukiwaambia "nipe hii kwa mapigo tisini". Kuna watu wa kidumbak, ile taarabu ya mtaani, ambao kwa besi moja ya sanduku na fidla watakupa mchezo ambao hutaupata kwenye programu yoyote.

Ukipigisha upya, haki ya rekodi ya zamani inatoka mlangoni. Rekodi mpya ni yako. Sheria ya Marekani inasema wazi kwamba haki ya rekodi haimzuii mtu kutengeneza rekodi yake mwenyewe, hata ikifanana na ile ya kwanza. Inabaki haki ya utunzi. Ukipiga lahani ile ile bado unamhitaji mtunzi, ila sasa unahitaji ruhusa moja badala ya mbili. Na ukimwambia mpigaji akutungie kipande kipya katika makamu ile ile, yaani ile ngazi ya sauti za Kiarabu, huhitaji hata hiyo moja. Hakuna anayemiliki makamu ya Bayati. Hakuna anayemiliki Hijazi wala Rasti. Ni kama kumiliki rangi ya buluu.

Kuna na faida ya sikio. Kinanda cha kawaida hakina zile sauti za kati zinazoifanya Bayati iwe Bayati; inabidi ukichezee mipangilio yake, na bado kitasikika kama mtu anayezungumza Kiarabu alichokikariri. Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini na vijiwiko vidogo vya kupandisha na kushusha robo sauti. Mtu anayevijua vijiwiko hivyo atakupa kwa saa mbili vipande ishirini, vyote vyako, na hakuna mwengine duniani aliyenavyo.

"Lakini maalim, haitakuwa na ule uzee wake." Nalisikia sana hilo. Uzee unatengenezwa. Irekodi safi, kisha ipitishe kwenye redio kuukuu ya mbao, uitege maikrofoni mbele ya spika yake, urekodi tena. Au iingize kwenye kaseti iliyokwisha kutumika mara nyingi. Utapata mkwaruzo, utapata ule utusitusi, na hutakuwa na deni kwa mtu.

Lipa, na andika. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka iliyopita nilimrekodi mpiga fidla mmoja kwa makubaliano ya mdomo, tukala biriani, nikampa bahasha, tukaagana kwa furaha. Wimbo ulipopata jina alirudi akisema bahasha ile ilikuwa ya nauli. Huenda kwa upande wake alikuwa mkweli. Mpigaji ana haki zake juu ya alichokipiga, na karatasi ya nusu ukurasa ingetuokoa sote wawili: jina, tarehe, kilichopigwa, kiasi kilicholipwa, kinatumika kwa nini, na kama ana mgao au hana. Tulimalizana, lakini salamu zetu hazijawa zile.

Santuri ambazo muda wake umekwisha

Kuna mlango wa pembeni ambao wachache wanaugonga. Haki hizi zina mwisho. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu mwaka 1994, unaweka kiwango cha chini cha utunzi kuwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 na akafariki mwaka 1950. Kwa hesabu hiyo ya miaka 50, utunzi ulio wake mwenyewe ulitoka kifungoni mwisho wa mwaka 2000. Nasema ulio wake mwenyewe, kwa sababu mwimbaji na mtunzi wa shairi si lazima wawe mtu mmoja.

Rekodi zake je? India, zilikorekodiwa, huhesabu miaka 60 kwa rekodi, zimeshapita. Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya mwaka 1963 ziko huru. Marekani ndiyo imeshika koo. Kwa sheria yao ya mwaka 2018, rekodi iliyotolewa mwaka 1928 inalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2028, kwa hiyo itakuwa huru tarehe 1 Januari 2029. Wimbo wako ukisikilizwa Zanzibar na Paris huna tatizo la rekodi. Ukisikilizwa Chicago unalo kwa muda mdogo uliobaki.

Mtego uko hapa. Ukiichukua sauti ya Siti kutoka kwenye CD iliyosafishwa na kutolewa upya, mwenye CD anaweza kudai haki juu ya kazi ya usafishaji, na mashine ya YouTube haijui historia, inajua kufanana tu. Itafute santuri yenyewe, uihamishe wewe mwenyewe kwenye kompyuta, na uweke kumbukumbu ya ulivyofanya. Na usichanganye zama. Bi Kidude aliimba nyimbo nyingi za Siti, lakini yeye amefariki Aprili 2013, na rekodi zake zinazopendwa ni za juzi tu. Ukongwe wa wimbo hauifanyi rekodi yake kuwa kongwe.

Ngoma za shamba, na maktaba za mtandaoni

Wapo wanaosema: basi nitakwenda Pemba nirekodi msewe, ngoma haina mtunzi. Ni wazo zuri nusu. Rekodi utakayoipiga ni yako, lakini wachezaji ni watu, si ndege wa msituni, na wanafaa kuulizwa na kulipwa. Sheria ya Bara inalinda sanaa za jadi, na biashara nazo nje ya mazingira yake inahitaji kibali. Huku kwetu, kabla hujaiuza, pita Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni uulize. Unyago usirekodi kabisa. Hata kama hukukatazwa na mtu, yale si ya spika.

Maktaba za sauti za kulipia kama Splice, au za bure kama Freesound ya Barcelona, nazipita haraka kwa sababu hazina mengi ya kutufaa. Kwa ngoma, makofi, mvua na milango, ni nzuri na za bei nafuu. Soma leseni: za Creative Commons zenye alama ya NC haziruhusu biashara, za BY zinataka umtaje mwenyewe, CC0 haina masharti. Ukitumia kipande ambacho watu elfu moja pia wanacho, usiusajili wimbo huo kwenye Content ID, mtagongana. Na "udi wa Kiarabu" wa maktaba hizo mara nyingi una lafudhi ya Istanbul au Cairo. Mzee wa Malindi ataijua kwa pigo la kwanza.

Sasa uchague lipi?

Kama unafanya mazoezi na hutapandisha popote, kata. Kama una biti ya kuuza na ulichopenda ni mlio wa ala, pigisha upya, wala usifikirie mara mbili. Ni nafuu kuliko ruhusa na salama kuliko wizi. Kama ulichopenda ni lahani inayojulikana, pigisha upya na umtafute mtunzi au warithi wake, uanze leo, kwa sababu hiyo ndiyo inayochukua muda. Kama ni sauti ya mtu fulani na hakuna mwengine atakayeziba nafasi yake, omba zote mbili, na wimbo usitoke mpaka karatasi zirudi. Au nenda kwenye santuri za zama za Siti. Na kama huna pesa kabisa, mgao wa mapato pamoja na unyenyekevu vitakufikisha mbali zaidi kuliko mkasi.

Yule kijana alijibu la pili. Hakujua hata wimbo ule unaitwaje, alipenda mlio. Nikampigia simu mzee mmoja wa ganuni, akaja Jumamosi na ala yake imefungwa kwenye shuka. Tulimpigia zile sekunde nne. Akacheka, akasema utepe ule ulikuwa unakwenda pole, ganuni haishuki hivyo, mtu aliyeuhamisha alikuwa na mashine mbovu. Akaanza kukaza nyuzi zake, moja moja, huku akizijaribu kwa ukucha, na mimi maikrofoni nilikuwa nimeshaziwasha. Kisha akapiga dakika arubaini, mambo mazito.

Kijana akachagua pale mzee alipokuwa anakaza nyuzi.

Nikaandika karatasi: jina, tarehe, kiasi, mgao, sekunde nne za ganuni. Mzee akavaa miwani, akaisoma mpaka chini, akaniuliza dakika arubaini nzima zimekwenda wapi. Nikamwambia ziko kwenye kompyuta, na ni zake. Akatia saini, akasema basi nimtilie kwenye fleshi.